Kilo Saba Tu

Wilhelmina Mayala aliruka kutoka roshani ya hoteli, akatua juu ya jiwe, akaendelea kukimbia.

Nyuma yake mtu alifoka. Risasi ikagonga mwamba, ikapiga mluzi kuelekea ziwani.

Mchana kweupe, Isamilo, watu wanaanika nguo!

Aliyekuwa akimfukuza aliitwa Shimba, mlinzi wa Bwana Harker. Alikuwa na mwili wa fahali na bastola ya Browning. Lakini alivaa viatu vya ngozi vyenye soli laini, viatu vya kusimama mlangoni. Wilhelmina alivaa raba. Mawe ya Mwanza hayaangalii nani ana bastola, yanaangalia nani amevaa nini miguuni. Jiwe la kwanza Shimba alilivuka. La pili aliyumba. La tatu lilimkalisha chini kama mtoto anayejifunza kutembea.

Aliponyanyuka, mwanamke aliyejitanda khanga usoni hakuwepo tena. Palibaki kuku na mama mmoja aliyekuwa akifikicha shuka.

"Amepita wapi?" Shimba alimuuliza.

"Nani?" mama akajibu.

Shimba hakuuona uso wa Wilhelmina. Hilo lilikuwa jambo zuri la pekee siku hiyo, kwa sababu Wilhelmina alikuwa ameingia chumba cha hoteli, ameupekua mkoba alioutafuta kwa muda mrefu, na hakuona kitu.

Duka la mabegi la Daksha lilikuwa Makoroboi. Babu yake alilifungua, baba yake akalirithi, na sasa Daksha aliliendesha akiwa amekaa nyuma ya cherehani ya Singer. Wateja walimjua kama fundi wa zipu. Watu wachache sana walijua kwamba simu yake ya mezani ilikuwa inatumiwa na Idara, wapelelezi wa serikali.

"Sketi imechanika," Daksha alisema bila kuinua macho.

"Nimeona."

"Shangazi yako amepiga mara mbili. Ana hasira."

Simu ikalia tena. Shangazi alikuwa mwanaume mwenye sauti nzito, mkuu wa Idara, aliyekaa Dar es Salaam na kuogopwa na kila mtu isipokuwa wakubwa zake, ambao yeye ndiye aliyewaogopa.

"Furu," alisema. Hilo ndilo lilikuwa jina la kazi la Wilhelmina. Furu ni samaki mdogo wa ziwa hili, mwenye miiba. Sangara waliletwa wakawala furu karibu wote. Wachache waliobaki hawakamatiki kirahisi.

"Nakusikia, Shangazi."

"Samaki wameoza. Rudi nyumbani."

Maana yake: kazi imefutwa.

"Samaki hawajaoza. Wamo mkobani mwa Nkwabi."

"Umeufungua?"

"Nimeufungua."

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu."

"Basi. Mwekezaji amewapigia wakubwa kulalamika kwamba anasumbuliwa. Wakubwa wamenipigia mimi. Una tiketi ya ndege ya leo alasiri. Ukishuka, njoo ofisini umevaa suti. Kuna kikao, na ajenda ni wewe."

"Na Mashimba?"

"Mashimba ana kesi yake."

"Sirudi bila almasi."

"Hiyo ni amri, Furu!"

"Nimeisikia. Siitii."

Akaweka mkono wa simu mahali pake, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto.

Hii hapa ndiyo habari yenyewe. Shehena ndogo ya almasi ghafi za serikali ilitoweka njiani, mikononi mwa Mashimba. Mashimba alikuwa mwenzake Wilhelmina. Ndiye aliyemvuta kutoka majini kule Busisi mtumbwi wao ulipopinduliwa na wafanya magendo, akaacha bunduki izame ili amshike yeye. Sasa alikuwa mahabusu, akiitwa mwizi. Aliyembadilishia sanduku alikuwa Nkwabi, rafiki yake tangu utotoni huko Kisesa. Watatu hao walifundishwa kazi pamoja, na Shangazi huyo huyo. Kisha ikaja ruksa, soko likafunguliwa, na Nkwabi akajiuza yeye mwenyewe kama bidhaa ya kwanza. Mnunuzi alikuwa Harker, mgeni mwenye kampuni isiyojulikana inauza nini.

Nkwabi na Harker walikuwa wanaondoka na ndege ile ile ya alasiri. Wakifika Dar wangepitishwa mlango wa wageni mashuhuri, ambako hakuna anayefungua mkoba wa mtu, wapande ndege ya Ulaya. Almasi zikitoka Mwanza, Mashimba ameozea ndani.

Wilhelmina alivuta mkoba wake, akaanza kufunga mzigo juu ya kaunta. Mikono ikifanya kazi, kichwa hutulia.

Sheria alizijua kama sala. Nguo haikunjwi, inaviringishwa. Kiatu ni chombo, kijaze. Kizito kivae mwilini. Kila kitu kifanye kazi mbili. Kitenge kilikuwa shuka, taulo, kamba na, siku mbaya, bandeji. Kamera ya Minox aliisokota ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu. Redio ya Motorola alibaki nayo mkononi. Bastola yake ya Makarov alikwisha kuikabidhi asubuhi kwa amri ya Dar, na hilo lilimuuma kuliko sketi. Juu ya vyote akaweka suti ya kijivu, suti ya kwenda kugombezwa nayo.

Daksha aliutundika mkoba kwenye mizani ya ndoano. "Kilo saba. Vizuri. Yule mwenzako naye aliuleta wake kupima."

Wilhelmina akasimamisha mikono. "Nani?"

"Nkwabi. Alinunua mkoba kwangu, juzi akaurudisha umejaa, anataka mizani. Ukazidi kidogo. Akatoa kitana, akapima. Akatoa mkanda, akapima. Mpaka mshale ukakaa kwenye saba kabisa. Nikamwambia, kaka, hapo hata uzi hauongezeki. Akacheka."

"Kwa nini wote mmekazana na saba?"

"Hujaambiwa? Tumbo la ndege limejaa minofu ya sangara inayokwenda nje. Hakuna mzigo wa kupakia chini. Kila abiria mkoba mmoja wa mkononi, kilo saba tu, na ukizidi hakuna kulipia. Unaacha."

Wilhelmina aliutazama mshale wa mizani. Ule mkoba aliupekua mwenyewe. Suti, viatu, vitabu, taulo, mashati, vitu vya kuogea. Hakukuwa na kitambaa cha pili cha kufichia kitu wala kisigino cha bandia. Nkwabi alikuwa hodari wa kuficha. Kumtafutia ni kazi bure.

Lakini mkoba uliojaa pomoni una ugonjwa wake. Ukimwongezea mwenyewe mzigo asioweza kuukataa, lazima apunguze vyake. Na mtu akipunguza, huanza na asichokijali. Humalizia na roho yake.

"Daksha," alisema, "ni mzigo gani mtu wa Mwanza hawezi kuukataa?"

Daksha aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Mimi mwenyewe nikienda Dar nakula mboga tupu, sili samaki maisha yangu, lakini sijawahi kupanda ndege bila samaki wa watu."

Hakuna anayetoka Mwanza kwenda Dar mikono mitupu. Unaweza kumkatalia polisi, unaweza kumkatalia bosi. Mama mtu mzima akija na samaki, akasema mfikishie mwanangu, unapokea na kushukuru. Anayekataa husemwa mpaka kijijini kwao.

Mama Teodora alikuwa mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki la ufukweni, akigeuza sato juu ya wavu wa kubanikia. Alikuwa mama yake Mashimba. Moshi ulimtoa machozi, au alisema ni moshi.

"Mwangaluka, mama. Shikamoo."

"Marahaba, Mina. Umemwona mwanangu?"

"Sijaruhusiwa kumwona. Lakini namjua aliyemtia ndani."

Alimweleza yote palepale, kwa sauti ya chini. Mama Teodora hakulia. Aligeuza samaki mmoja, akageuza wa pili.

"Nkwabi huyu? Mama yake alipolazwa, nilimnyonyesha mimi. Titi moja Mashimba, titi moja yeye."

"Ndiye huyo, mama. Ukiona vigumu..."

"Vigumu nini? Mwanangu analala sakafuni, mimi nione vigumu?" Alianza kuchagua sato wakubwa, akiwapima kwa kiganja. "Unataka wazito?"

"Wazito kabisa."

"Basi wewe nenda. Samaki niachie mimi."

Kiwanja cha ndege cha Ilemela kilikuwa na ukumbi mmoja, feni moja na foleni moja. Wilhelmina alijibanza kwenye ofisi ndogo nyuma ya kaunta, mlango ukiwa umeachwa wazi upana wa jicho. Nkwabi alimjua sura. Angemwona, mchezo umekwisha.

Redio ilikoroma. Alikuwa Inspekta Obedi, polisi wa kiwanja.

"Furu, unanipata?"

"Nakupata."

"Dada, nina nafasi moja tu. Nikifungua mkoba wa watu wa Harker nikakosa, kesho nachunga ng'ombe."

"Hutaufungua wewe. Ataufungua mwenyewe."

"Kwa hiari yake?"

"Kwa adabu yake. Kaa tayari."

Foleni ilisogea. Kwenye kaunta alikuwepo Queen, dada mrembo asiye na masihara na mizani. "Mkoba hapa, kilichomo mfukoni hapa," alirudia kwa kila mtu. "Rubani amesema. Ndege ni ndogo."

"Siku hizi samaki anasafiri kwa heshima kuliko mtu," mzee mmoja alinung'unika huku akiacha mwavuli wake.

Nkwabi alifika. Suruali iliyopigwa pasi, saa ya Seiko, tabasamu la mtu ambaye hajawahi kusimamishwa popote. Hatua mbili nyuma yake alisimama Harker na mkoba wake mwembamba wa Samsonite, wakijifanya hawafahamiani. Nkwabi aliweka mkoba juu ya mizani.

Saba kamili.

"Mungu akubariki," Queen alisema. "Abiria wa kwanza leo asiyezidi."

"Nkwabi! Ng'wana wane!"

Mama Teodora aliingia na kifurushi kifuani, kimefungwa kwa uzi wa nyavu na kinanukia moshi. Ukumbi mzima uligeuka.

Tabasamu la Nkwabi lilipungua kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia unakwenda Dar. Mpelekee Selina sato hawa. Mke wa ndugu yako hana wa kumlisha sasa, unajua mwenyewe."

"Mama, tatizo ndege hii nafasi hakuna."

"Nafasi hakuna?" Mama Teodora hakupaza sauti sana. Alipaza inavyotosha. "Ya samaki wa mke wa Mashimba, nafasi hakuna? Mliolala kitanda kimoja?"

Mzee wa mwavuli alisonya. Mwanamke mmoja alisema, "Jamani!" Nkwabi alimtazama Harker kwa pembe ya jicho. Harker alitikisa kichwa kidogo: pokea, usijaze watu.

"Lete, mama," Nkwabi alisema. "Nitamfikishia."

"Ahsante, baba. Nitasimama hapa mpaka nikuone unapanda."

Queen aliweka kifurushi juu ya mkoba. Mshale ukaruka. "Umezidi. Punguza."

Nkwabi alifungua zipu mwenyewe, mbele ya macho yote ya ukumbi.

Vitabu vikatoka. Mshale ulishuka, haukutosha. Viatu vya pili vikatoka. Taulo. Mashati mawili yaliyoviringishwa vizuri, kama walivyofundishwa wote watatu. "Nitunzie, mama," alisema, na jasho lilianza kumtoka. Kisha suti. Suti ya sufu ya bei mbaya, aliyoshonewa. Aliishika kidogo, akampa mama Teodora nayo.

Nyuma ya mlango Wilhelmina aliisogeza redio mdomoni.

"Bado kidogo sana," Queen alisema, akichungulia ndani ya mkoba. "Toa hiyo sabuni."

Ilikuwa nusu ya mche wa sabuni ya kufulia, imefungwa kwa gazeti. Kila msafiri wa nchi hii anayo. Wilhelmina aliishika kule hotelini kwa mikono yake mwenyewe, akairudisha.

"Sabuni hapana," Nkwabi alisema.

"Kaka, sabuni Dar zimejaa kila kibanda."

"Nimesema hapana." Akaichukua, akaiingiza mfukoni.

"Na mfukoni napima. Si umesikia?"

Nkwabi alisimama. Mtu aliyeacha suti ya sufu bila neno alikuwa ameng'ang'ania kipande cha sabuni kama kitovu chake. Foleni ilianza kucheka. Na hapo Harker, bwana mkubwa, ambaye hakuwahi kubeba hata mwavuli wake mwenyewe, akanyoosha mkono.

"Lete hiyo sabuni," alisema kwa Kiswahili chake cha hotelini. "Mimi beba."

Kicheko kilikatika. Mzungu kujitolea kumbebea mtu sabuni ya mche! Hata feni ilionekana kushangaa.

Wilhelmina alibonyeza kitufe cha Motorola.

"Obedi. Sabuni."

Akafungua mlango.

"Mina," Nkwabi alisema.

"Nkwabi."

Nkwabi alichupa juu ya kaunta, sabuni mkononi, akatokea upande wa ndege. Obedi alimdaka Harker ukosi wa koti. Shimba aliingia kutoka nje mbio, Browning ikiwa juu, akitafuta wa kumpiga.

Wilhelmina aliushika mkoba wake kwa ukanda, akauzungusha mara moja. Kilo saba zilimpata Shimba kwenye kiganja. Bastola iliruka. Mzunguko wa pili ulimpata tayani, akaenda kulala juu ya mizani ya Queen.

"Huyu amezidi," Queen alisema.

Kila kitu kifanye kazi mbili. Wilhelmina alichomoa kitenge, akaacha mkoba, akakimbia.

Nkwabi alikatiza kwenye nyasi za kando ya njia ya ndege, akiyapita makasha ya minofu yanayovuja barafu. Mbele yake hapakuwa na njia. Palikuwa na mawe, kisha ziwa. Alisimama juu ya jiwe la mwisho, akanyoosha mkono juu ya maji, sabuni mkononi.

"Simama hapo! Ukisogea naitupa. Hakuna almasi, hakuna ushahidi. Mashimba anaozea ndani na wewe unafukuzwa kazi."

Upepo ulikuwa mkali. Mawimbi yalikuwa yanapiga mawe, na maji hapo yalikuwa meusi kwa kina. Wilhelmina hakuwa na bastola. Alikuwa na kitenge na hasira, na hasira ilikuwa nyingi.

Akasogea.

"Nimesema naitupa!"

"Tupa."

Nkwabi akapepesa macho.

"Tupa basi!" Wilhelmina alifoka, akiendelea kutembea. "Umeacha vitabu. Umeacha viatu. Umeacha suti. Mama aliyekunyonyesha ulimwacha zamani, na ndugu yako. Vyote ulivitoa mkobani bila kutetemeka. Hicho kimoja kimebaki. Kama unaweza kukiacha, kiache nione!"

Nkwabi aliusogeza mkono mbali zaidi juu ya maji. Vidole vilijaribu kufunguka, vikajifunga zaidi. Alikitazama kile kipande cha sabuni kwa macho ya mapenzi ya kweli.

Hakuweza.

Kitenge kilimzunguka kiwiko. Wilhelmina alivuta, akageuza bega, na Nkwabi akala mwamba kwa mdomo. Sabuni ilibingirika mpaka kwenye raba ya Wilhelmina. Akaikanyaga isiende mbali.

Ukumbini, Harker alikuwa bado anaongea. "Mimi piga simu waziri! Mimi mwekezaji!"

"Subiri kidogo, bwana," mama Teodora alisema. Alifungua uzi wa nyavu kwenye kifurushi chake, akauzungusha kwenye sabuni, akavuta ncha mbili, kama wauza duka wanavyokata mche tangu zamani. Uzi ulipita laini, kisha ukakwama. Akavunja kwa goti.

Mawe ya almasi yakatawanyika juu ya kaunta. Yalionekana kama chumvi ya mawe isiyo na mpango. Hakuna aliyecheka.

Mama Teodora hakuyagusa. Alimgeukia Nkwabi, aliyekuwa amefungwa pingu na damu mdomoni. Watu walingoja amlaani. Yeye alimwekea suti yake begani.

"Huko sakafu ni baridi," alisema. "Muulize Mashimba, mtapishana mlangoni."

Hapo ndipo Nkwabi alipoinamisha kichwa.

Simu ya ofisi ndogo ililia. Queen alisikiliza, akamnyooshea Wilhelmina mkono wa simu.

"Obedi amenieleza," Shangazi alisema. Alikohoa. "Nimeshasaini Mashimba aachiwe jioni hii."

"Ahsante, mzee."

"Lakini ulikaidi amri."

"Ndiyo, mzee."

"Na kikao kipo palepale. Wakubwa wana hasira zaidi sasa. Wanataka uombe radhi."

"Watangoja sana."

Wilhelmina alikata simu. Kipaza sauti kilikuwa kinaita abiria wa mwisho. Mama Teodora alisimama mbele yake, kifurushi kifuani, kimefungwa upya.

"Mina, aliyekuwa ampelekee Selina ameshindwa safari."

Wilhelmina hakuwahi kubeba mzigo wa mtu. Ilikuwa sheria ya kwanza ya kazi, hata kabla ya ile ya kuviringisha nguo. Alikitazama kifurushi. Akakipokea kwa mikono miwili.

"Umezidi," Queen alisema, mshale ulipotulia. "Punguza."

Wilhelmina alifungua zipu. Hakufikiri. Alitoa suti ya kijivu, suti ya kwenda kuombea radhi, akaiweka juu ya kaunta.

"Utaingiaje kwenye kikao chao bila suti?" Obedi aliuliza.

"Na kitenge hiki."

"Kinanuka samaki."

"Wazoee."

Mshale ulikaa kwenye saba. Wilhelmina alitupia mkoba begani, akafunga kitenge kiunoni, akatoka kuelekea kwenye ndege bila kugeuka nyuma.